UZI: Chuo cha Magdalene, Cambridge: wakfu uliotunzwa, wakfu ulioliwa

MkutubiMstaafu

Wana jamvi, salaam. Mimi ni mkutubi niliyestaafu, kwetu Pangani. Mwaka juzi nilikwenda Leicester kumtembelea mdogo wangu wa kike, na siku moja shemeji akanipeleka Cambridge kwa gari. Wageni wengi wakifika kule hukimbilia kanisa la King's. Mimi nilikuwa na chumba kimoja tu moyoni, kiko ng'ambo ya mto Cam, kwenye chuo kinachoandikwa Magdalene na kutamkwa "Modlin". Habari za chumba hicho nilianza kuzisikia nikisomea ukutubi, na nilishaapa kwamba nikijaliwa nitakiona kwa macho yangu. Nimekiona. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, leo nalitoa.

Kwanza niweke msingi, maana watu wengi huchanganya. Cambridge si chuo kimoja chenye geti moja. Chuo Kikuu kilianza 1209, wasomi walipokimbia vurugu za Oxford, na leo ndani yake mna vyuo 31. Kila chuo kina mkuu wake, mali yake, jiko lake na kanuni zake. Chuo Kikuu kinatoa mihadhara, mitihani na shahada. Chuo ndicho kinachokuchagua, kinakulaza, kinakulisha, na kinakutafutia mwalimu wa kukaa naye kila wiki, wewe na mwenzako mmoja au wawili, mkichambua ulichoandika. Muhula mmoja ni wiki nane tu, mbio mwanzo mwisho.

Magdalene kilianza 1428 kama nyumba ya watawa wa Kibenedikto waliotumwa na monasteri zao kuja kusoma. Waliwekwa upande wa pili wa mto ili wawe mbali na vishawishi vya mjini. Kila monasteri ilijenga vyumba vya watu wake, na hadi leo ukiingia ua wa kwanza utaona ngao za monasteri hizo zimechongwa juu ya milango ya ngazi. Kisha Mfalme Henry VIII akazivunja monasteri zote za nchi yake, watawa wakatawanyika, nyumba ikabaki haina mwenyewe. Mwaka 1542 waziri wake mkubwa wa sheria, Thomas Audley, akaifungua upya kama chuo cha Mtakatifu Maria Magdalena. Zamani waliandika "Maudleyn", na ukilitazama neno hilo vizuri utaliona jina la Audley limekaa katikati. Kwa karne nyingi, aliyeishika nyumba ya ukoo huo, Audley End, ndiye aliyemteua mkuu wa chuo.

Audley alikipa chuo ardhi ya kukiendesha. Kwa lugha yetu ya pwani, alikiwekea wakfu. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia, maana ardhi hiyo waliila watu.

DadaWaMlimani

Shikamoo mzee. Asante kwa uzi. Naomba unisaidie hapo kwenye neno. Sisi Mlimani siku hizi tuna "ndaki", na ndaki ni ya fani: ya insha na sayansi za jamii, ya uhandisi, na kadhalika. Hivyo vyuo vya Cambridge navyo ni ndaki?

MkutubiMstaafu

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali la msingi. Ndaki ya Mlimani imegawanywa kwa somo. Chuo cha Cambridge hakigawanywi kwa somo: mezani unakaa na anayesoma udaktari kulia, wa historia kushoto, wa hesabu mbele yako. Ukitaka cha kulinganisha, chukua dahalia mliyolala, uipe walimu wake, maktaba yake, shamba lake na akaunti yake benki, kisha uiache iishi miaka mia tano. Ndiyo maana mimi nasema "chuo" tu, na cha juu "Chuo Kikuu".

SheriaMezani

Mzee, umenikumbusha mbali. Kama ardhi unayoisema ni ile ya Aldgate, London, basi wanasheria wote humu waliisoma mwaka wa kwanza bila kujua kuwa ni ya chuo hiki. Naomba ruhusa niisimulie mimi.

MkutubiMstaafu

Simulia mwanangu, uwanja wako.

SheriaMezani

Wakuu, ni hivi. Chuo kilikuwa na bustani ya eka saba Aldgate, pembeni mwa mji wa London. Zama za Malkia Elizabeth I mji ulikuwa unapanuka, na ardhi ile ilikuwa inakuja kuwa dhahabu. Lakini chuo kilikuwa kinadaiwa, kina njaa ya fedha za haraka. Akatokea mfanyabiashara na mkopeshaji kutoka Genoa, Benedict Spinola, akaitaka. Shida ni kwamba sheria ya 1571 ilivizuia vyuo kuuza ardhi au kuipangisha kwa muda mrefu, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: wakuu wa vyuo wasije wakala mali ya vizazi vijavyo.

Wakatafuta kichochoro. Mwaka 1574 chuo kikamkabidhi Malkia ile ardhi kwa kodi ya pauni 15 kwa mwaka milele, kwa masharti kwamba Malkia amgawie Spinola ndani ya miezi mitatu. Hoja yao: sheria imewafunga watu, haijamfunga Malkia. Pauni 15 milele! Spinola baadaye akaiuza bustani ile kwa Earl wa Oxford, bwana mkubwa mwenye cheo, na juu yake zikajengwa nyumba kama 130.

Miaka ikapita, wakuu wapya wa chuo wakaamka wakidai mali yao. Mwaka 1615 wakashinda mahakama ya kawaida mbele ya Jaji Edward Coke, aliyesema sheria ile inamfunga hata Malkia, kwa hiyo ugawaji ulikuwa batili. Upande wa pili ukakimbilia mahakama ya Lord Chancellor, yaani waziri mkubwa wa sheria, ile inayoamua kwa dhamiri na haki badala ya kushika herufi za sheria. Lord Ellesmere, aliyekuwa na cheo hicho, akaizuia hukumu ya Coke isitekelezwe, kwa sababu watu walishajenga nyumba kwa nia njema. Mkuu wa chuo, Barnabas Goche, na mwenzake mmoja wakagoma kuitii amri hiyo, wakatupwa gereza la Fleet miaka miwili.

Mvutano wa mahakama hizo mbili ukapandishwa hadi kwa Mfalme James I, naye 1616 akaamua kwamba ekwiti, yaani ile haki ya dhamiri, ikigongana na sheria ya kawaida, ekwiti ndiyo itakayoshinda. Kanuni hiyo ilisafiri na Waingereza ikaingia kwenye sheria zetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na mpaka leo inatumika mahakamani. Kesi tunaiita ya Earl wa Oxford. Mimi nilijibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, wala sikujua kwamba upande wa pili walikuwa walimu waliofungwa kwa kutetea shamba la shule.

MkutubiMstaafu

Hapo umenipiga moyoni, mwanangu. Niongeze kidogo. Chuo hakikupata tena ardhi ile, na ndiyo sababu kwa mamia ya miaka Magdalene kilikuwa miongoni mwa vyuo maskini vya Cambridge. Lakini hawakusahau. Mwaka 1989 walipojenga maduka na ofisi kando ya mto, karibu na daraja, waliweka kwenye ukuta sura ya Spinola iliyochongwa, mdomo wazi, inatema maji mtoni. Nilisimama pale darajani nikaitazama. Miaka mia nne na zaidi bado wanamkumbuka kwa jina.

Mwanabahari

Mzee wangu, salaam aleikum. Nakubaliana nawe mengi ila neno wakfu linanipa shaka. Wakfu wetu una masharti: mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Zanzibar tuna Kamisheni ya Wakfu inayosimamia. Mambo ya Wazungu ni hisani tu, tusiyabebe kwenye neno la dini.

MkutubiMstaafu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Una haki ya kulilinda neno. Lakini tazama: wapo wanasheria waliozilinganisha hati za mwanzo za chuo cha Merton kule Oxford, za 1264, na hati za wakfu wa Kiislamu, wakakuta zinafanana mno: mali imefungwa, faida yake inawalisha wanafunzi, wasimamizi wana mipaka. Sisemi nani alimwiga nani. Nasema mtu wa Pangani akizisoma hahitaji kueleweshwa.

Na sasa nije kwenye chumba changu. Masharti yako matatu, mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi, utayaona humo karibu yote.

Samuel Pepys alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa London. Alisoma Magdalene kuanzia 1651 hadi 1654, na kitabu cha chuo kinaonyesha kwamba Oktoba 1653 alionywa kwa kulewa kupita kiasi. Baadaye akapanda mpaka akawa mtendaji mkuu wa jeshi la majini la Uingereza. Maisha yake yote alikusanya vitabu, na alipofikia 3,000 akasema basi. Kikija kizuri zaidi, kimoja kinatolewa ili idadi ibaki ile ile.

Katika wosia wake akaagiza: maktaba iende chuoni kwake baada ya kufa mpwa wake. Isiongezwe kitabu, isipunguzwe kitabu. Na ili Magdalene wasilale, akawapa jirani zao, chuo cha Trinity, haki ya kuja kukagua kila mwaka. Masharti yakivunjwa, maktaba yote inahamia Trinity. Fikirieni akili ya mtu huyo! Hakuomba uaminifu kwa maneno, alimweka mwenye hamu na mali ile mlangoni awe mlinzi wake.

Vitabu vilifika 1724. Juu ya ukuta wa jengo wameandika kwa Kilatini "Bibliotheca Pepysiana 1724". Ukipanda ngazi unakuta makabati 12 ya mti wa mwaloni yenye milango ya vioo, ya kwanza yalitengenezwa 1666 na seremala wa bandari za jeshi la majini. Vitabu vimepangwa kwa kimo, kutoka kidogo kabisa, namba 1, kupanda hadi namba 3,000. Mimi niliyefundishwa kupanga kwa somo nilishtuka. Kisha nikainama kutazama rafu moja kwa karibu, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwenye maktaba yoyote. Vile vitabu vifupi vimewekewa vibao chini, kila kimoja na kibao chake, na kila kibao kimevalishwa ngozi yenye nakshi ya dhahabu kama mgongo wa kitabu chenyewe. Lengo ni kwamba vichwa vya vitabu vyote vikae mstari mmoja. Nilisimama pale muda mrefu. Mlinzi wa chumba, mama mmoja mtu mzima, akanijia akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia mimi ni mkutubi. Akacheka kwa furaha, akanionyesha vibao vingine vya rafu ya pili.

KijanaWaIringa

Mzee tuendelee, nimeweka kambi hapa. Hicho kitabu chake maarufu cha kumbukumbu nacho kiko humo humo?

MkutubiMstaafu

Kiko humo, juzuu sita. Ni shajara aliyoandika kuanzia Januari 1, 1660 hadi Mei 31, 1669, akaacha kwa kuhofia kupofuka. Humo mna tauni ya 1665 na moto wa London wa Septemba 1666, pamoja na siku ile alipochimba shimo bustanini akazika divai yake na jibini yake ya Parmesan ili moto usizikute. Aliandika kwa mwandiko wa mkato, usiosomeka kwa mtu wa kawaida.

Karibu miaka mia vitabu hivyo vilikaa rafuni pale chuoni bila mtu kuvifumbua. Mwaka 1819 kazi akapewa mwanafunzi maskini wa chuo jirani cha St John's, John Smith. Alikaa miaka mitatu akifumbua alama moja baada ya moja. Na ufunguo, kijana wangu, yaani kitabu kinachofundisha mwandiko ule, kilikuwa mle mle maktabani, rafu chache tu kutoka pale. Hakuna aliyemwambia. Sisi wakutubi tukisoma habari hiyo huwa tunaumia kweli kweli, maana kazi yetu yote ni kumkutanisha msomaji na kitabu kabla hajapoteza miaka mitatu.

MtuWaMengo

Mzee, nawasalimu kutoka Kampala. Kiswahili changu ni cha kujifunza, mtanisamehe. Ninyi mnasema Pepys, sisi Waganda chuo hiki tunakijua kwa sababu nyingine. Kabaka wetu Mutesa II alisoma Magdalene, 1945 mpaka 1947. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, tayari ni mfalme, kwa sababu alirithi kiti mwaka 1939. Uingereza wakampa pia ukapteni wa heshima katika Grenadier Guards.

Walimlea kama mtu wao. Halafu Novemba 30, 1953, Gavana Andrew Cohen, naye mtu wa Cambridge, akampandisha ndege na kumpeleka Uingereza kama mtu aliyefukuzwa kwao, kwa sababu alikataa Buganda imezwe na mipango ya serikali ya kikoloni. Wazee wetu wanasema wanawake walilia barabarani. Alirudi Oktoba 17, 1955, na watu walijaa kutoka Entebbe mpaka Mengo. Akawa rais wa kwanza wa Uganda 1963. Mwaka 1966 jeshi likavamia Lubiri, kasri lake, akatoroka, akafa London Novemba 21, 1969. Mwili ulirudi 1971, ukazikwa Kasubi.

Mtoto wake, Kabaka Mutebi II, aliyetawazwa 1993, naye alipita chuo hicho hicho. Kwa hiyo mzee ukisema Magdalene, kwetu ni jina la nyumbani kidogo, lenye tamu na chungu.

DadaWaMlimani

Asante sana MtuWaMengo, Kiswahili chako kimenyooka. Mimi nina swali gumu kidogo kwa mzee, naomba lisichukuliwe vibaya. Tunasifia chuo na Pepys, je, biashara ya watumwa? Watu wa jeshi la majini wa zama zile hawakosi kuhusika.

MkutubiMstaafu

Lisichukuliwe vibaya kwa nini, ndilo swali lenyewe. Pepys alihusika. Mwaka 1688 alimtoa kijana mweusi aliyekuwa nyumbani kwake, akamkabidhi nahodha wa meli akauzwe kwenye mashamba ya ng'ambo. Mtu yule yule wa vibao vya ngozi. Sitaki mtu asome uzi huu asijue.

Lakini chuo hicho hicho kilitoa mwingine. Peter Peckard alikuwa mkuu wa Magdalene kuanzia 1781. Mwaka 1785, akiwa pia makamu mkuu wa Chuo Kikuu, ilikuwa zamu yake kutunga swali la shindano la insha ya Kilatini. Akauliza: je, ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao? Akashinda kijana wa St John's, Thomas Clarkson, ambaye aliingia shindanoni akitafuta sifa tu. Akiwa safarini kwenda London baada ya kuisoma insha yake, alifika karibu na Wadesmill akashuka kwenye farasi, akakaa kando ya barabara, akajiuliza: kama niliyoandika ni kweli, si lazima mtu ayakomeshe? Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa watu 12 walioanzisha kamati ya London ya kupinga biashara hiyo, na 1807 Bunge likaipiga marufuku.

Peckard alimsaidia pia Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa akaandika maisha yake mwenyewe. Alikinunua kitabu chake kabla hakijachapwa na akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa watu. Kwetu pwani marufuku ya 1807 haikutufikia. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa 1873, na babu wa babu zetu walilipitia. Hata hivyo, ninapomfikiria mwalimu mmoja aliyepewa nafasi ya kutunga swali moja, akaitumia hivyo, nanyanyuka kitini.

KijanaWaIringa

Na wanawake? Maana naona majina ya wanaume tu.

DadaWaMlimani

Hilo nalijua mimi. Magdalene kilikuwa cha mwisho kati ya vyuo vyote vya wanaume vya Oxford na Cambridge kupokea wanawake: 1988! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Na siku walipoingia, baadhi ya wanafunzi wa kiume walivaa vitambaa vyeusi mkononi na bendera ikapeperushwa nusu mlingoti, kama kuna msiba. Wasichana wale waliingia wakapita katikati ya matanga yao. Ningependa sana siku moja nikae na mmoja wao anisimulie chakula cha kwanza cha jioni kilikuwaje.

MkutubiMstaafu

Mwanangu, hapo umesema. Na chakula chenyewe huliwa kwenye ukumbi usiowashwa taa ya umeme, ni mishumaa tu mezani, hadi leo. Nilichungulia mchana, sikuuona usiku.

Kwa walio kwenye fani yangu: 2022 maktaba yao mpya ya wanafunzi, ya matofali na mbao, ilipata tuzo ya Stirling, kubwa kuliko zote za ujenzi Uingereza. Msanifu wake Níall McLaughlin aliambiwa ajenge kitu cha kudumu miaka 400. Ni maagizo ya watu waliozoea kuhesabu hivyo.

Mwanabahari

Mzee, narudi. Nimesoma yote. Umesema umekaa na jambo hili muda mrefu. Kuna kitu hujasema.

MkutubiMstaafu

Umenijua, ndugu yangu. Babu yangu alikuwa na sanduku la msunobari lililojaa vitabu na karatasi za mkono, za Kiarabu na za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu: mashairi, hesabu za majahazi, dawa, barua za Mombasa na Unguja. Alipofariki liligawanywa kama mirathi. Kila mtu alichukua chake kwa nia njema. Hakuna aliyeandika nini kimekwenda kwa nani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikanyamaza mbele ya wakubwa. Baadaye niliomba taasisi moja inisaidie kuvikusanya, barua yangu haikujibiwa.

Mwezi uliopita binamu yangu kule Pangani amepata juzuu tatu kwenye dari la nyumba ya shangazi, na mwingine wa Bweni anasema ana mfuko wa karatasi. Nakwenda Jumamosi. Nimenunua daftari gumu na penseli, na nimemwomba seremala wa mtaa anichongee vibao vinne vya kuanzia.

Mwanabahari

Mzee, mimi niko Tanga mjini na hati ya Kiarabu naisoma vizuri. Nitumie namba yako faragha, Jumamosi tuongozane.